Ruhusa Iachwe Kabla Chombo Hakijaondoka

Maneno ya shangazi kwenye akika, kisiwani Kojani, Pemba

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, masheikh mliotusomea maulidi, wazee wa diko letu la kuegesha vyombo, mama zangu na wadogo zangu mliojaa humu ndani mpaka hapana pa kutia mguu, na nyinyi wanaume mliokaa huko barazani. Nimeomba spika ielekezwe upande wenu. Kijana wa mitambo mwanzo aliileta huku kwa wanawake, akidhani ananisaidia. Nikamwambia, baba, hawa haya wanayajua, igeuze kule.

Jina la mtoto mmelisikia. Nywele zimenyolewa, mbuzi wawili wamechinjwa, na kwa harufu inayotoka uani naona mpishi leo hana mchezo, kwa hiyo sitawaweka mno. Kama kuna anayejiuliza kwa nini akika haikuwa siku ya saba, siku ya saba mama wa mtoto alikuwa bado kitandani hospitali. Masheikh wakatwambia ya kumi na nne inafaa na ya ishirini na moja inafaa, tukachukua ya ishirini na moja.

Mimi ni shangazi wa baba wa mtoto, basi huyu aliyelala humo chumbani ni mjukuu wangu. Kazi yangu mpaka nilipostaafu ilikuwa ukunga, na wapo humu waliokaa vitini leo ambao mikono hii ndiyo iliyowapokea. Wengine wana ndevu. Kabla sijasema lolote nilimuomba mzazi mwenyewe idhini, kwa sababu habari ni zake na mwili ni wake. Akanijibu, "Sema shangazi, ila usiseme nililia vipi." Hilo sitalisema. Nitasema tu kwamba Bibi Maryam, na daraja yake yote, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende alitamani angekuwa ameshakufa kabla ya siku ile. Imo ndani ya Kurani. Basi nani sisi wa kumcheka mwanamke aliyepiga kelele leba?

Mimba hii ilikuwa ya kwanza kwake, na ugonjwa uliomshika hupenda mimba ya kwanza. Ni presha ya mimba. Mwanamke ambaye maisha yake yote hajui presha ni kitu gani anapita wiki ya 20, anafika mwezi wa saba au wa nane, kipimo kinapanda 140 kwa 90 au zaidi. Mkojo ukipimwa ukaonekana una protini, au figo, ini, macho na ubongo vikaanza kulalamika, hapo tumeshaingia kwenye njia inayoelekea kifafa cha mimba. Watu husema imeletwa na maudhi ya mawifi. Mawifi wana ya kujibu, lakini hili si lao. Mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo inatakiwa itanuke. Isipotanuka sawasawa, kondo linakaa na njaa ya damu, na likiwa na njaa linamwaga ndani ya mwili wa mama vitu vinavyodhuru mishipa yake yote, kuanzia kichwani hadi kwenye figo. Vidonge vya presha vinashusha kile kipimo, na ni muhimu avimeze, lakini ugonjwa wenyewe hauondoki mpaka mtoto na kondo lake watoke. Mkilishika hili, mengine yote niliyoyakusudia yatakuwa mepesi.

Presha yake ilianza kupanda wiki ya 34. Haikuwa mbaya sana. Akapewa vidonge, akaambiwa ahudhurie kila wiki, na kila wiki akavuka kwenda kupimwa. Miguu ilipovimba wakubwa wa mtaa wakasema huyo mtoto wa kiume. Sasa na kweli amezaliwa wa kiume, kwa hiyo sina tena wa kunisikiliza. Lakini wasichana niliowapokea kutoka kwa mama waliovimba mpaka viatu vikawakataa hawahesabiki. Miguu kuvimba kidogo jioni ni jambo la kawaida la mimba. Uso ukivimba asubuhi, pete isitoke kidoleni, hilo usilitafutie jinsia ya mtoto. Katafute mashine ya presha.

Ikafika wiki ya 37. Usiku mmoja baada ya isha akaanza kulalamika kichwa, si kile kichwa cha jua kinachokwisha ukilala. Mbele ya macho anaona vimulimuli. Chini ya mbavu, upande wa kulia, panamuuma, na mama mmoja pale akasema ni kiungulia, apewe maziwa. Mwengine akasema tusizunguke, huyu kashikwa, ana mtu kichwani, kwao wanavyo.

Sikuja hapa kugombana na waganga. Pemba nimezaliwa, Pemba nitazikwa, na najua nyumba zipi zina chano na chetezo. Lakini nimewaona wanawake wa kifafa cha mimba. Wanakaza meno, macho yanageuka, mwili unatetemeka wote, kisha wanalala usingizi wa kukoroma, na akizinduka hajui alipo. Ukiambiwa ni sheitani utaamini, kwa sababu ndivyo tulivyosimuliwa sheitani anavyopanda. Tofauti ni kwamba huyu akifukizwa ubani saa mbili tatu, anapata kifafa cha pili na cha tatu, na ubongo wake unaweza kuvuja damu. Anayetaka kumvalisha hirizi amvalishe, simkatazi. Amvalishe wakiwa ndani ya mashua, inakwenda.

Na hapo ndipo tulipofika penye jambo langu.

Mume wake hakuwepo. Alikuwa dago, kambi ya uvuvi ya mbali. Nani hapa hajui? Sisi ni watu wa Kojani. Wanaume wetu wanavua pwani nzima hii, wakihama na samaki na pepo, na mwanamke wa Kojani huolewa na mtu pamoja na dago lake. Simu ikapigwa, haipatikani. Ikapigwa kwa nahodha, haipatikani. Bibi mmoja wa nyumba ile, namheshimu na sitamtaja, akasema tusubiri asubuhi, mwenyewe atapatikana, si vizuri mke wa mtu kutolewa usiku mwenyewe hajui.

Miaka ya nyuma, nikiwa kazini, aliletwa kwetu mwanamke kutoka mahali ambapo sitapataja. Aliletwa adhuhuri. Kichwa kilimuanza magharibi ya jana yake. Usiku kucha nyumba yao ilikuwa inamtafuta mume atoe ruhusa, na mume yuko safarini, na mtu aliyetumwa kwa baiskeli kumtafuta alikwenda nyumba tatu asimkute. Tulipompokea alikuwa ameshapata vifafa njiani. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni. Mama tulikaa naye mpaka usiku, na usiku ukatushinda. Mume alifika kesho yake mchana, na neno la kwanza aliloniambia mlangoni nalikumbuka kama lilivyo: "Kwani mimi ningekataa?" Asingekataa. Hakuna mtu aliyedhani angekataa. Walikuwa wanasubiri neno ambalo kila mtu alilijua.

Tunaambiwa mwanamke anayekufa kwa uzazi hupewa daraja ya shahidi, na mimi naliamini hilo kwa moyo wangu wote. Ila nimelisikia likisomwa kwenye matanga ambayo yasingekuwepo laiti mashua ingetoka mapema, nikaona uzito wake umebebeshwa kazi isiyokuwa yake. Ile ni faraja ya waliofiwa. Haikushushwa itupumzishe sisi tuliochelewa.

Basi turudi nyumbani kwetu. Wakati bibi anasema tusubiri, kaka yangu, yaani baba wa mume, alikuwa amekaa pale ukumbini anavuta uradi. Ni mtu asiyependa maneno. Akaufunga uradi akasema, "Ruhusa ninayo mimi. Aliniachia." Na kweli alimwachia. Kijana wetu kabla hajapanda chombo alikaa na baba yake, mama yake na mkewe, akasema mbele ya wote watatu kwamba likitokea lolote kwa mke wangu, usiku au mchana, msinitafute mimi kwanza. Mpelekeni, kisha ndio mnitafute. Akaacha na fedha ya mashua na ya gari, kando na fedha ya chakula, mikononi mwa mama yake. Fedha si nyingi. Ilikuwa imefungwa ndani ya leso.

Nasema hili mbele yake kwa sababu yuko hapo barazani ananisikia, na huenda anaona haya: mwanangu, watu leo wamekuletea zawadi na wengine wamekusifu kwa mtoto. Mtoto ni wa Mungu. La kwako wewe ni lile neno ulilolisema kabla hujaondoka.

Maji usiku ule yalikuwa yamekupwa, na mnajua bamvu, yale maji makubwa, likikupwa lilivyo. Vijana walimchukua juu ya kitanda cha kamba, wakaingia majini mpaka penye kina, wakampandisha chomboni. Sitawataja kwa majina kwa sababu nikimsahau mmoja patakuwa na kesi. Mungu awalipe. Gari ilikuwa upande wa pili inangoja, maana simu ilishapigwa. Tulipofika hospitali presha ilikuwa 170 kwa 110.

Sasa haya ya hospitali nitayaeleza taratibu, kwani hapa ndipo uvumi unapozaliwa. Jamaa wamekaa nje varanda, hawaoni kinachoendelea ndani, wakirudi kijijini kila mmoja ana hadithi yake.

Kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa dawa ya kuzuia kifafa, magnesiamu salfeti. Inaingia kwenye mshipa polepole, na nyengine inachomwa kila upande wa makalio. Inauma, na mwili mzima unahisi moto. Alisema, "Shangazi, naungua." Nikamwambia ndivyo ilivyo, itapita. Dawa hii si ya jana. Ina miaka mingi. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliochukua zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ikaonekana inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Ni ya bei rahisi. Inahitaji mtu wa kuiangalia tu, kwa sababu ikizidi mwilini pumzi hupungua. Basi kila baada ya muda muuguzi anakuja, anahesabu pumzi, anapima mkojo, anamgonga goti kwa kinyundo. Mguu ukiruka, dawa iko kiasi. Mama yake mzazi aliyaona hayo ya kinyundo mlangoni, akatoka nje analia kwamba mwanawe anapigwa. Ilibidi nimfuate, nimuweke chini, nimgonge na yeye goti. Mguu uliporuka alicheka kwa mara ya kwanza tangu usiku.

Wakampa na dawa ya kuishusha presha. Kisha daktari akasema huyu ameshafika wiki ya 37, mtoto amekomaa, ugonjwa hauwezi kungojwa, aanzishiwe uchungu.

Najua neno hilo linavyosikika huku kwetu. Kuanzishiwa! Nimesikia kila namna. Ati ni kuharakisha amri ya Mungu. Ati dripu ya uchungu inakausha kizazi. Ati mwanamke aliyezaa kwa dripu hakuzaa kwa nguvu zake. Na swali la mwisho, lililoulizwa na mtu mwenye elimu yake pale varanda: kama ni hatari hivyo, kwa nini wasimpasue wakamaliza?

Nianze na hilo la kupasuliwa. Upasuaji ni neema ukihitajika, na ulikuwa tayari pale, chumba kiko tayari na watu wako tayari. Lakini mama aliyetulizwa presha, ambaye mapigo ya moyo wa mtoto wake ni mazuri, kuzaa kwa njia ya kawaida kunampunguzia damu ya kupoteza, kunampunguzia kidonda, na mimba inayofuata inakuwa na mashaka machache. Kwa hiyo daktari anauliza kwanza: njia hii inawezekana? Ikiwezekana anaipita huku jicho lake liko kwenye ile nyengine.

Nyinyi wavuvi mtanifahamu. Chombo kikiwa juu mchangani na maji yameanza kukupwa, hukai ukasema kitashuka chenyewe kikitaka. Mnaweka magogo, mnakishua. Bahari ni ya Mungu na maji ni ya Mungu, na kushua ni kazi yenu. Bibi Maryam mwenyewe, katika hali ile ya uchungu, aliambiwa alitikise shina la mtende tende zimwangukie. Mwanamke yuko leba, anaambiwa atikise mtende! Hakuambiwa akae zimfuate mdomoni.

Kazi yenyewe huanza kwa kupima mlango wa kizazi, kama umelainika au bado. Wake ulikuwa bado mgumu, umefunga. Huwezi kumtundikia dripu mwanamke ambaye mlango haujalainika ukategemea heri. Basi akapewa misoprostoli, dozi ndogo sana, mikrogramu 25, iliyoyeyushwa kwenye maji anywe, na baada ya saa mbili tena, na tena. Hospitali nyengine hutumia mpira mwembamba wenye kibofu kinachojazwa maji, unakaa mlangoni unaufungua kidogo kidogo. Baadaye mlango ukiitika, chupa ya maji ya uzazi inapasuliwa, na hapo ndipo inapokuja dripu ya oksitosini, inayohesabiwa matone. Kila hatua wanausikiliza moyo wa mtoto. Ukipiga kati ya 110 na 160 kwa dakika, roho zetu zinatulia.

Haya yote huchukua muda. Inaweza kwisha siku nzima na usiku wake, na wengine zaidi. Watu wa varanda walidhani akishapewa dawa asubuhi, adhuhuri tunarudi na mtoto. Ilipofika magharibi hajazaa wakaanza kusema dawa imeshindwa, na mmoja akaleta kichupa cha dawa ya miti ya kuongeza uchungu, amekificha ndani ya chupa ya uji. Nilikimwaga mimi mwenyewe, na aliyekileta yuko humu, tumeshasameheana. Sababu yangu ni hii. Uchungu wa dripu ni mkali na unakuja karibu karibu, ukizidi mtoto anakosa hewa na kizazi kinaweza kupasuka. Ndiyo maana kuna mtu anayehesabu matone na kuyafunga yakizidi. Dawa ya kichupa nani anaihesabu? Ikishanywewa haifungiki. Miaka yangu yote ya kazi, vizazi vilivyopasuka nilivyoviona vingi vilikuwa na kichupa nyuma yake.

Na yule anayesema wa dripu hakuzaa kwa nguvu zake, namkaribisha siku moja akae pembeni ya kitanda. Nimeahidi kutosema kilio. Nguvu nilizoziona nitazisema: alimsukuma yule mtoto huku amechoka, presha imemuelemea, ana mpira wa mkojo na sindano mikono yote miwili, na baina ya uchungu na uchungu ananiuliza mama yake amekula.

Mtoto alitoka kabla ya alfajiri. Hakulia mara moja. Muuguzi kijana, wa umri wa wajukuu zangu, akamkausha kwa nguvu kwa kitambaa, akamsugua mgongo, akamsafisha, na kabla hatujakaa sawa tukasikia sauti. Uzito wake kilo 2.3. Chini ya kilo 2.5 tunamhesabu mdogo, kwa sababu kondo lililokuwa na njaa halimshibishi mtoto pia. Akawekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakafunikwa pamoja. Babu yake alipoingizwa kumwadhinia alisimama kwanza, akasahau adhana. Mtu aliyeadhini msikiti huu maisha yake yote! Ilibidi nimuanzishie.

Mambo hayakuishia hapo, na hili wengi hawalijui. Mtoto akishatoka watu hutangaza salama, wakaanza kupika. Presha hii huweza kupiga baada ya kuzaa pia, hasa siku za mwanzo, na kifafa humjia mzazi ambaye ameshapongezwa. Ndiyo maana aliendelea na ile dawa siku nzima baada ya kujifungua, ndiyo maana akabakishwa hospitali nyinyi mkawa mnanipigia simu kwa nini hatumrudishi. Damu nayo ilimtoka nyingi kuliko tulivyopenda, akaongezwa damu. Damu ile ilitoka mkononi mwa mtu. Vijana wawili wa ukoo walikuwa wameshafuatana na sisi na makundi yao yanajulikana. Nani kati yenu barazani anajua kundi lake la damu? Nyoosheni mikono. Msione haya, mie siwaoni kwa pazia hili, lakini sheha anahesabu.

Sasa yuko nyumbani ndani ya arobaini yake. Mila yetu ya arobaini na hesabu ya hospitali ya wiki sita zinakaribiana mno, na mimi hapa naishukuru mila. Mkandeni, mfungeni mkaja tumboni, mpikieni mchuzi wa pilipili manga mpaka atoke jasho. Chumvi punguzeni. Vidonge vya presha alivyopewa visiachwe kwa sababu ananyonyesha. Amepewa vinavyokubaliana na maziwa. Na apimwe presha yake mara kwa mara ndani ya siku hizi, mwenye kipimo aje humu chumbani. Kichwa kile kikirudi, vimulimuli vikirudi, mnajua njia.

Mtoto masheikh wamempaka tende kinywani kidogo kama sunna ilivyo, kwa mkono uliooshwa, na mimi nimesimama pale. Baada ya hapo ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Hakuna maji ya kufungua koo, hakuna asali, hakuna maji ya mchele. Dang'a lile la njano la siku za mwanzo amelinyonya lote, na bibi aliyetaka likamuliwe chini nilimwambia basi na wewe kamwage tui la kwanza upike kwa la mwisho, tuone.

Mimba yake ijayo, inshaallah, asiende kliniki mwezi wa sita kama alivyokwenda hii. Aende mapema kabisa, aseme mara ya kwanza nilipata presha. Wapo wanaopewa asprini ya dozi ndogo kila siku tangu kabla ya wiki ya 20 kupunguza hatari ya kurudia, lakini hiyo anaamua daktari. Msije mkanunua dukani mkampa. Madini ya chokaa, yaani kalsiamu, nayo husaidia kwa wanaoyakosa kwenye chakula, na hapo Kojani tumebarikiwa, maana dagaa tunayo. Mtu ale na miba yake. Inashangaza dagaa tunawauzia watu wa mbali, mja mzito wa hapa anakula mkate wa mofa na chai.

Kilichobaki ni ombi langu, na sheha ameniruhusu kulisema mbele yenu.

Vyombo vitaondoka kwenda dago msimu unaokuja. Kila mwenye mke mja mzito, kabla hajaondoka, aseme ruhusa yake kwa ulimi wake mbele ya watu wawili na mbele ya mke mwenyewe. Asimnong'oneze mama yake jikoni. Na mke ajue kwamba akifika hospitali na akili zake, karatasi ya matibabu yake anatia saini mwenyewe. Lile neno la mume ni kwa ajili ya wale waliobaki nyumbani wanaoogopa lawama. Mkiwa na haya kulisema, wazee wa diko wamekubali liwe jambo la kuulizwa kama mnavyoulizwa nyavu na mafuta: fulani, mkeo umemwachia nani? Hajajibu, chombo hakiondoki. Nahodha mmoja alicheka nilipomwambia, kisha akanyamaza, kisha akasema inawezekana.

La pili ni mashua ya zamu. Usiku ule tulibahatika kwa sababu vijana walikuwa macho wanatazama mpira. Siku hakuna mpira itakuwaje? Tunataka chombo kimoja kila usiku, chenye mashine na mafuta yake yasiyoguswa, na mtu anayejulikana wa kugongewa. Mafuta yatachangwa; kina mama wa kikundi cha mwani wameshatoa fungu lao, na limeandikwa. Majina ya wenye vyombo yanaandikwa leo baada ya sala ya alasiri pale kwa sheha. Tunaotaka ni wenye mashine inayowaka kwa mvuto wa kwanza. Rangi ya boti hatuiulizi. Na aliyetia jina lake kisha akaonekana na zile galoni anakwenda kuvua kwa mafuta yetu, mimi nina miguu bado, nitamfuata mpaka diko.

Watoto wa skuli wapishwe mbele, wale kwanza. Sheikh, tuombee dua.